Silali wa Ganda la Yai

Shangazi alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Aliondoa vitambaa kwenye meza ya cherehani, akawaketisha watoto wawili wa kaka yake, kila mmoja na ganda lake la yai, lililotobolewa juu na kukaushwa, watengeneze Silali, mwanasesere anayeinuka kila akisukumwa.

"Nati mbili chini, kisha nta ya mshumaa," alisema. "Halafu lisimame wima mpaka nta igande. Ukililaza sasa, litalala maisha."

Mdogo, asiyesikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini, akalilaza. Nta ikagandia ubavuni, na Silali wake akalala fofofo. Walicheka mpaka machozi. Silali wa dada yake alisukumwa, akainama, akainuka tena, akachorwa macho na masharubu.

Ndipo binti akatoa kadi ya maonyesho ya shule, yenye mwandiko wa baba yake: "Silali. Alibuniwa na babu yetu."

Shangazi aliisoma mara mbili. Damu ikamchemka.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Mimi," alisema kaka yake, seremala, akiingia huku anajipangusa vumbi la mbao. "Si baba ndiye aliyembuni? Nilipolazwa na mguu wangu, aliniletea wodini."

"Alikuletea! Mama ndiye aliyetengeneza! Alikuwa mpishi hospitali ileile. Alivunja maganda sita kabla ya kupata moja la kufaa. Miezi mitatu ulilala pale, baba akaja mara moja tu, tena mikono mitupu. Akamkuta Silali kwenye meza ya jikoni palepale hospitali, akamchukua, akaja kukupa yeye. Nilikuwa na miaka tisa, niliona kwa macho yangu. Mama ahangaike, sifa ale baba! Miaka thelathini nimemeza, leo nimechoka!"

Alinyakua kalamu, akakata neno "babu", akaandika "bibi" kwa nguvu mpaka kadi ikatoboka.

Seremala alijikalia juu ya ndoo iliyopinduliwa. Watoto walimtazama huyu, kisha yule.

"Ndicho kitu pekee alichowahi kunipa," alisema.

"Basi ujue hata hicho hakukupa."

Seremala alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepiga hesabu ya mbao isiyotosha.

"Mama alijua kuwa baba ananidanganya?"

Shangazi, hasira bado haijamtoka, akajibu kabla hajafikiri.

"Alikuwa kasimama mlangoni, anawaona. Mimi nilitaka kusema, akanifinya. Akaniambia ninyamaze, nikuache na wewe uwe na baba."

Kaka yake aliinua macho, yamejaa machozi.

"Sasa mbona hukunyamaza, dada?"