Vitunguu Vikinyamaza

Jumamosi ile wanawake walikuwa uani kwa Kalisti tangu asubuhi, wamekaa mkekani, kila mmoja na ungo wake, wakichagua mchele wa kesho. Kesho ilikuwa misa ya mwaka ya mkewe marehemu, Theopista. Baada ya misa watu wangekuja kula hapo nyumbani, Majengo, na wakishakula msiba ungekuwa umekwisha. Kitambaa cheusi kingetoka begani kwa Kalisti, na kila mtu angerudi kwake.

Kalisti alikaa kwenye kigoda mlangoni akiwatazama midomo. Masikio yake yaliharibika ujanani alipokuwa mtoboa mwamba mgodini, miaka kumi na moja ya kushikilia mashine iliyomtikisa mpaka mifupa. Sikio la kulia lilikufa kabisa. La kushoto lilibaki na kijitundu. Ukilisogelea na kupaza sauti, linapata neno. Yaliyobaki aliyasoma midomoni mwa watu, na watu wakisahau wakageuza uso, mazungumzo yalimkatikia papo hapo. Theopista, katika miaka yote ya ndoa yao, hakuwahi kusema naye huku amegeuza uso.

"Mchele upo, maharage yapo, mbuzi yupo," alisema Eufrazia, mdogo wa marehemu, aliyetoka Sibwesa kuja kusimamia mapishi. "Vitunguu tutatia kwenye mchuzi, basi."

"Na vile vikavu vya juu ya wali?" akauliza Kalisti.

Mikono ikasimama kwenye ungo. Eufrazia akainuka, akamsogelea shemeji yake upande wa kushoto.

"Shemeji, vile alikwenda navyo mwenyewe. Kwenye arobaini si uliona? Nilijaribu, vikawa makaa. Watu walivisukuma pembeni ya sahani kama changarawe. Siwezi kumwaibisha dada yangu mara ya pili."

"Nitavikaanga mimi."

Wanawake hawakucheka, adabu iliwazuia. Aliyecheka alikuwa Nkwabi, jirani Msukuma aliyekuwa ameleta maziwa. Yeye Msukuma na Kalisti Mpimbwe walikuwa watani, na msibani mtani ndiye mtu pekee mwenye ruhusa ya kumcheka mfiwa usoni.

"Jamani! Mpimbwe huyu maji tu anayaunguza, leo akaange vitunguu?" Nkwabi alisema kwa nguvu, akihakikisha Kalisti anamwona mdomo. "Kesho nakuja na ndoo nzima ya maziwa, mtani. Nizimie moto."

"Njoo nayo," Kalisti akajibu. "Ila safari hii usiongeze maji ya mtoni kama juzi."

Hapo hata Eufrazia alicheka. Kisha akakumbuka shida yake, akashika kiuno.

"Mafuta ya pamba mwaka huu yametupa kisogo, unajua mwenyewe, tangu vita madukani hamna kitu. Nina chupa mbili za mawese. Moja ni ya mchuzi, siigusi."

"Nipe hiyo nyingine."

"Chukua. Jioni nikirudi nitaonja. Vikilia mdomoni kama vyake, vinapanda juu ya wali. Visipolia, shemeji, tunawapa kuku, na tusivitaje tena. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Adhuhuri ilipopita wanawake walichukua mafagio na majembe, wakaenda kusafisha kaburi, na kutoka huko wapitie kanisani kupamba. Nyumba ikabaki na Kalisti. Alikuwa amekwisha kuizoea nyumba ya namna hiyo, nyumba ambayo mtu anaweza kuingia na kusimama nyuma yako na wewe usijue. Theopista alipokuwa akiingia alikanyaga ubao wa kizingiti kwa nguvu ili mtetemo umfikie mumewe miguuni. Tangu mwaka jana ubao ule haukuwa umemwambia kitu.

Mungu hakuwajalia mtoto. Vitu vya Theopista vilikuwa vimegawanywa kama ilivyo desturi: kanga kwa huyu, sufuria kwa yule, jembe kwa Eufrazia. Kilichobaki ni kazi ya mikono yake, hivi vitunguu alivyojifunza kwa mke wa muuza duka mmoja wa hapo Majengo, ambaye yeye Theopista alikuwa akimfulia nguo. Kwa miaka mingi hakukuwa na harusi mtaani ambayo haikumwita. Kama vingeenda kwa kuku, basi kuanzia Jumatatu kusingekuwa na kitu chochote hapa duniani kinachofanyika kama Theopista alivyokifanya.

Kalisti alimenya vitunguu vya kutoka Magamba, vyekundu, vyenye maji mengi. Kisu alikinoa mwenyewe kwenye jiwe, maana kazi yake siku hizi ilikuwa kutengeneza baiskeli, na mtu wa baiskeli hana haja ya kufundishwa kunoa. Alikata vipande vyembamba, vyote unene mmoja, akavitenganisha kimoja kimoja kwa vidole. Machozi yalimtoka. Alishukuru kuyapata kwa sababu isiyohitaji kuelezwa. Kisha akavianika juani kwenye ungo mpaka vikanyauka kidogo, akavigawa mafungu matatu.

Mawese yalipopata moto alitia fungu la kwanza. Povu likapanda, moshi ukamfuata usoni. Akakoroga huku akikodoa macho, akingoja rangi ya dhahabu aliyozoea kuiona kwenye sahani za mkewe. Lakini mawese ni mekundu. Kitu chochote ukikitia humo kinakuwa chekundu tangu mwanzo, kibichi na kilichoiva havina tofauti. Kalisti alingoja rangi ibadilike. Ilipobadilika ilikuwa imekwisha kupita. Alivitoa vyeusi, vichungu, ndivyo vile vile vya arobaini.

Akayachuja mafuta kwa kitambaa, akayarudisha jikoni.

Fungu la pili aliliwahi. Alihesabu pumzi zake, akapunguza kuni, akavitoa mapema vikiwa vinameremeta. Alionja kimoja, kikakatika kidogo chini ya jino. Akavimimina kwenye bakuli na, kama alivyolelewa na mama yake, akalifunika bakuli kwa sahani, maana chakula hakiachwi wazi nyumbani kwa mtu mwenye heshima zake. Akaenda kuongeza kuni. Aliporudi na kufunua, jasho la vitunguu lilikuwa limejaa chini ya sahani, likidondoka. Vitunguu vilikuwa vimelala kama mlenda.

Alikaa chini kwenye majivu.

Sasa alikumbuka jambo ambalo alikuwa akiliona kila mara bila kulitazama. Theopista hakuwa akifunika. Alivitandaza kwenye ungo mpana, akakaa kando yake na kijiti cha majani akifukuza nzi, na wageni wakapita wakisema, huyu mama vipi, anaacha chakula wazi? Naye akaendelea kufukuza nzi. Alivunja adabu kwa ajili ya vitunguu vyake, na Kalisti, kwa adabu, ndiye aliyeviua.

Hilo lilikuwa moja. Lakini la kujua wakati wa kuepua? Theopista naye alitumia mawese, miaka mingi tu. Kalisti alifumba macho ili amwone vizuri. Akamwona amepiga goti mbele ya mafiga, mwiko mkononi, uso ameugeuzia pembeni, macho amefumba. Eufrazia aliwahi kusema dada yake alikuwa akisali pale. Yeye Kalisti siku zote alidhani anakwepa moshi. Kisha macho yangefumbuka, angemgeukia mumewe na kusema neno moja, neno lile lile kila siku: "Vimenyamaza." Na hapo hapo angeepua.

Vimenyamaza. Alikuwa akisikiliza! Vitunguu vikiwa na maji hupiga kelele kwenye mafuta, na maji yakiisha kelele hupungua. Mtu haangalii rangi. Mtu anangoja ukimya.

Kalisti alicheka peke yake, na hakikuwa kicheko kizuri. Siri ilikuwa wazi mbele yake, na ilikuwa imewekwa mahali pekee asipoweza kufika. Alidondosha kipande kimoja kwenye mafuta, akainama, akaligeuzia jiko lile sikio la kushoto mpaka joto likamchoma shavu. Hakupata kitu. Angeweza kumngoja Eufrazia arudi, amsikilizie. Lakini Eufrazia angekuta fungu moja lililoungua, moja lililolala, na mafuta yasiyotosha ila mara moja, angesema basi, shemeji, umejitahidi.

Macho yake yakaangukia mwiko mkubwa wa ugali, ule wa shughuli, wenye mpini mrefu kama mkono wa mtu. Na mikono yake ndiyo iliyokumbuka kabla yake. Kule mgodini hakuna mtoboaji aliyesikia kitu, mashine ilimeza sauti zote. Hata hivyo walijua mwamba umebadilika, umekuwa laini au una ufa, kwa sababu chuma kilileta habari mikononi. Mzee mmoja wa zamu yao alikuwa na tabia ya kuegemeza fimbo ya chuma ukutani na kuiuma kwa meno, akisema mifupa haidanganyi. Walimcheka sana.

Kalisti akatia fungu la mwisho. Akasimamisha mwiko kwenye kitako cha sufuria, akapiga magoti, akauma ncha ya mpini.

Ilikuja mara moja. Mvumo mzito, mkali, ukapita menoni, ukapanda tayani, ukajaa kichwani kama mvua ya kwanza juu ya bati. Nusura auachie mwiko. Kwa miaka mingi kichwa chake hakikuwa kimepata kelele kubwa namna hiyo. Akafumba macho. Alikaa hivyo, mate yakimtiririka kwenye mpini, moshi ukimzunguka, akisikiliza kile alichokuwa akikisikiliza mkewe. Kila mara alikoroga upesi, kisha akarudi kuuma. Mvua ikaendelea. Halafu, kidogo kidogo, ikaanza kuwa manyunyu. Matone yakaachana. Moja. Jingine.

"Vimenyamaza," alisema, huku mpini ukiwa bado menoni.

Akaepua. Akavitandaza kwenye ungo, vyembambavyembamba, akakaa kando yake na tawi la mpera, akafukuza nzi. Hakufunika kitu.

Eufrazia aliporudi jua lilikuwa limeinama. Alimkuta shemeji yake amepakaa masizi usoni, ameukalia ungo kama mama kuku. Alichota kidogo, akatia mdomoni, akatafuna. Kalisti alimtazama taya. Taya likasimama. Macho ya Eufrazia yakajaa, akageuka upande, akazungumza huko alikogeukia.

"Sema huku," Kalisti akamwambia. "Sijaona."

Eufrazia akarudisha uso. "Nimesema vinalia."

"Vinalia?"

"Vinalia kama vyake, shemeji. Umefanyaje?"

"Usitazame rangi. Fumba macho usikilize. Vikinyamaza, epua, na usifunike."

"Na wewe umesikia kwa kitu gani?"

Kalisti akamwonyesha mwiko. Kwenye ncha ya mpini palikuwa na alama za meno, safu mbili, mbichi. Eufrazia alizipapasa kwa kidole gumba. Alitaka kucheka, ikashindikana.

Kesho yake, baada ya misa, wali ulipakuliwa na vitunguu vikanyunyizwa juu, kiganja kwa kila sinia. Kalisti alikaa kati ya wanaume akitazama midomo. Mataya yalikwenda na kurudi uani kote. Nkwabi, aliyekuja kweli na ndoo ya maziwa, alikula, akachota tena, kisha akamfinyia Kalisti jicho. "Mtani, maziwa nayarudisha nyumbani." Akina mama wazee waliangaliana. Mmoja wao akataja jina la Theopista; Kalisti aliliona likitoka mdomoni mwake.

Mchana ukapita. Padri msaidizi alikuwa amekwisha kuondoa kitambaa begani kwa Kalisti kwa sala fupi. Mikeka ikakunjwa. Eufrazia aliondoka na lori la kuelekea Sibwesa, akiahidi kukaanga vya kwake wakati wa mavuno. Wengine wakaaga mmoja mmoja, wakimshika mkono muda mrefu, wakisema maneno ambayo wengi waliyasema wametazama chini. Kabla jua halijatua uani palibaki kuku na majivu.

Eufrazia alikuwa amemwachia vitunguu kidogo kwenye kisahani, wazi. Kalisti alikaa kizingitini, miguu juu ya ubao, akatia kipande kimoja mdomoni, akauma.

Kra.

Sauti ilimjaa kichwa kizima, safi, ya karibu. Akaacha kutafuna. Theopista, fungu la kwanza likitoka, kabla hajamwonjesha mtu mwingine, alikuwa akimtia yeye kidogo mdomoni, kisha anamtazama anavyotafuna, na anatabasamu. Kalisti alidhani anangoja kusifiwa. Alimsifu kila mara: vitamu, mama, vitamu. Hakuwahi kumwambia kwamba alikuwa akivisikia. Na sasa hakujua kama Theopista alilijua hilo au hakulijua.

Alikula taratibu, kimoja kimoja, akingoja sauti iishe kabisa ndipo atie kingine. Kila ilipoisha, ukimya ulirudi mahali pake. Alipofika kwenye cha mwisho alikikalisha juu ya ulimi bila kukiuma. Akasikia kinaanza kulainika kwa mate. Hapo akafumba macho, akakiuma.