Swali Ambalo Mkwe Haulizi

Asikudanganye mtu: hakuna kazi mbaya kama kumtafsiria mama mkwe kwa daktari. Mwaka ule kambi za wakimbizi zilipojaa huku Ngara, hema la matibabu lilitupokea hata sisi wenyeji, basi nikampeleka. Mke wangu Claudia alikuwa mzazi wa siku chache, hawezi safari. Vijana wa kijijini kwetu Nyakisasa walimbeba mama yake kwa machela, wakatuacha, wakarudi shambani. Tukabaki mimi, Mama Ernesta na daktari wa Dar asiyejua neno la Kihangaza, lugha pekee aliyoijua mama.

Miguu ya mama ilikuwa imekufa ganzi. Daktari alimchoma nyayo kwa sindano, hata hakushtuka.

"Muulize mkojo unatokaje."

Uso ulinipanda joto. Kwetu mkwe hata kula mbele ya mama mkwe hali, seuze kumuuliza mkojo. Nikauliza huku nikitazama turubai. Akajibu hana shida.

Uongo mtupu. Kila asubuhi nilimwona Claudia akianika blanketi la mama yake.

"Basi ni uzee," daktari akasema. "Nitampa dawa ya maumivu."

Nje, gari la kwenda hospitali kubwa lilikuwa limeshawashwa. Nikinyamaza, huyu mama atatambaa mpaka kaburini. Nikisema mimi, nimemvua nguo mbele ya watu. Nilimkasirikia, nikajikasirikia na mimi.

Nikampa mgongo. "Mama," nikamwambia kwa Kihangaza, "mficha maradhi kifo humuumbua. Leo usinihesabu mkwe. Sema."

Dereva akapiga honi. Kisha ikaja sauti ndogo sana: "Mwambie unatoka wenyewe. Hata sasa nimelowa, na sikujua."

Nikatafsiri. Daktari akaacha kuandika, akamgeuza, akabonyeza uti wa mgongo pingili moja moja, mpaka mama akapiga yowe.

"Tatizo liko hapa, si miguuni. Nahofia kifua kikuu cha mifupa. Aende sasa hivi, kesho tutakuwa tumechelewa."

Wabebaji hawapo. Dereva akamshika miguu, mimi nikamkumbatia mabega. Alijifunika kanga uso mzima, analia kwa aibu. Nami nililia, sikufichi.

Matibabu yalikuwa marefu, lakini alirudi anatembea, na fimbo yake. Mpaka leo akiniona njiani anakatiza haraka migombani tusikutane. Najifanya sikumwona, ila miguu yake naitazama mpaka ipotee.