Koti Lililokunjwa

Mkufunzi wetu akiingia darasani hutupa kamba mezani kwanza, salamu baadaye. Asubuhi ile aliingia mikono mitupu, akaandika ubaoni neno moja: BARIDI. Dereva, mwanafunzi mwenzangu aliyeacha teksi akaja kusomea kuongoza wageni mlimani, akageuka kuniambia kwa sauti, "Leo tunafundishwa friji." Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, wala sikuwa nimenuna. Mdogo wangu alikufa mlimani, mwaka wa pili huu, na tangu hapo mambo ya kuchekesha nayaona tu yakipita kama magari barabarani.

Niseme mapema, maana sipendi kuzungushana. Mimi ni fundi cherehani. Miaka kumi na minane nimeshona sare za shule, mapazia, magauni ya maharusi wasiojua wanataka nini. Mdogo wangu alipopata kazi ya kuongoza wageni, nilimshonea koti: bitana mbili, sufi katikati, vifungo vikubwa, maana zipu huganda. Akalijaribu mbele ya kioo, akajigeuza huku na huku. "Dada, hili koti au godoro?"

Nikakasirika. Usiku mbili sijalala, halafu mtu aniambie godoro! Nikamwambia basi kalale uchi huko juu. Nikalisokomeza kwenye begi lake kwa nguvu, akaondoka bila kuniaga vizuri. Siku ya sita wakamrudisha.

Begi lake lililetwa pia. Nilifungua mimi, mama hakuweza. Juu kabisa lilikuwapo koti, limekunjwa, mikono ndani, kola juu, unadhani limetoka dukani. Mtu kafa kwa baridi na koti limo begini! Kifungo kimoja tu hakikuwepo, cha pili kutoka juu, nikajua kakinyofoa kwa hasira zake. Mama aliponiuliza kama alilivaa, nilimwambia sijui. Nilikuwa najua. Mdogo wangu alikufa kaninunia, akaona bora baridi kuliko kazi ya mikono yangu.

Baada ya hapo sikushona tena. Nilikaa kwenye cherehani, mguu ukakataa kukanyaga. Nikaja kusomea kazi yake, kwa sababu nilitaka kufika pale alipofia nijionee mwenyewe ni ujinga gani unamfanya mtu asivae koti. Basi, ni hilo tu.

Hapa chuoni nimejifunza mafundo kumi na mawili ya kamba. Naweza kumbeba mtu aliyevunjika mguu. Mikono inafanya yote hayo, ndani nimekufa ganzi. Mkufunzi ameniweka stoo ya mahema kwa sababu nakunja vizuri. Hajui mimi ni nani. Mimi na marehemu ni mama mmoja, baba mbalimbali, kwa hiyo majina yetu hayafanani kwenye fomu, na mimi sikujitangaza.

"Mtu akianza kupoa anatetemeka," Mkufunzi alisema. "Hapo msiogope, mwili bado unapigana. Ogopa akiacha kutetemeka. Mwishoni kabisa baadhi yao wanasikia joto, joto kali, wanaanza kuvua."

"Kuvua nini?" Dereva akauliza.

"Nguo."

"Mkufunzi, acha utani bwana."

"Sina utani." Akapangusa chaki kwenye suruali. "Mmoja nilimtoa mimi mwenyewe. Mwongoza wageni, kijana. Aliwafikisha wageni wake kibandani, akarudi juu kumfuata mmoja aliyebaki nyuma, ukungu ukamfunika. Tulimkuta asubuhi ana fulana tu. Koti lake liko hatua tano kutoka alipo, limegeuka ndani nje, kifungo kimeng'oka. Koti zito, la kushonwa na fundi. Wenzake waliniambia safari nzima hakulivua, hata wakati wa kula. Akiwaringia nalo, eti wamwachie godoro la dada yake."

Nilikuwa naandika. Kalamu ikasimama yenyewe.

"Nikasema siwezi kuwapelekea ndugu nguo katika hali ile, watadhani mtoto wao alirukwa na akili. Nikalikung'uta, nikaligeuza, nikalikunja, nikalitia begini. Hiyo ni heshima kwa marehemu."

"Kifungo kilikuwa cha ngapi?" nikauliza.

"Nini?"

"Kilichong'oka. Cha ngapi kutoka juu?"

Alinitazama. "Cha pili," akasema polepole. "Dada, wewe nani wake?"

"Dada mtu."

Alishuka kwenye jukwaa, akavuta kiti, akakaa. Dereva alikuwa ameinamisha kichwa. "Nisamehe," Mkufunzi akasema. "Nilidhani nafanya jema."

Tusi lilikuwa limeshanifika mdomoni, kubwa la kutosha watu wawili. Nikalimeza, maana yule wa kutukanwa nilikuwa mimi. Mdogo wangu tangu azaliwe hakuwahi kukunja hata soksi! Nilimkunjia mimi mpaka akaota ndevu. Na fundi mzima nimeshika lile koti mikononi, nimeuona mkunjo ule ulivyonyooka, na sikujiuliza ni wa nani.

Nikatoka nje, nikasimama karibu na bomba tunapooshea masufuria. Nikampigia mama.

"Mama, alilivaa koti."

Nilisikia akizima redio.

"Lile godoro?"

"Hilohilo. Alilivaa safari nzima."

"Lilimkaa vizuri mabegani? Maana ulisema unaogopa mabega."

"Lilimkaa, mama."

Jua lilikuwa kali pale uwanjani, shati limenigandia mgongoni kwa jasho. Nikaanza kutetemeka.