Inchi Mbili

Roboti ya Buhongwa ilisimama tena palepale. Iliinua mkono wake wa plastiki, ikaufungua, na vipande sita vya sponji ya kijani vikaanguka mbele ya trei, karibu kiasi kwamba mtu angeweza kuvipuliza vikaingia. Ukumbi uliguna kwa pamoja. Mwamuzi, kijana wa chuo aliyevaa fulana ya njano, alitazama saa yake, akangoja kengele, kisha akaandika sifuri.

"Ni betri," alisema Mastura, nahodha wa timu, bila kumtazama mtu. "Zimechoka tu."

"Ndiyo, ni betri," alijibu mwalimu wake, Shamsa, kwa sauti ya mtu anayemfunika mtoto shuka.

Upande wa pili wa ukumbi wanafunzi wa Mwalimu Machibya walikuwa wakiimba. Roboti yao, waliyoipa jina Sangara, ilikuwa imefikisha sponji zote sita kwenye trei katika raundi zote mbili. Sponji zile ziliwakilisha magugumaji na trei ilikuwa ufukwe. Roboti ilitakiwa ivuke meza peke yake, ikokote magugu, iyatupe nchi kavu, bila mkono wa mtu kuigusa. Kila timu ilikuwa na raundi tatu, inahesabiwa iliyo bora. Timu mbili za kwanza zingekwenda Dodoma.

Odeta alisimama kwenye kona akiwa na daftari la ratiba kifuani. Alikuwa fundi sanifu wa maabara katika shule hii ya Ilemela, mwenye miaka ishirini na sita, na usimamizi wa msimu wa mashindano ulimwangukia mwezi wa Mei kwa njia rahisi kabisa: katika kikao cha walimu kila mmoja alikuwa na udhuru, wakatazamana, halafu wote wakamtazama aliyekuwa akiandika kumbukumbu. Hakuweza kukataa mbele ya watu wengi vile. Tangu hapo alikuwa amefuatilia barua za ruhusa za wazazi, nyaya, betri, jezi, maharage ya mchana, na ujumbe wa sauti wa walimu saba ambao hakuna hata mmoja aliyependa kusoma. Kazi zote hizo alizimudu vizuri, kwa kuwa zilifanyika kwa kalamu.

Alisogea kwenye meza ya Buhongwa kumfariji Mastura. Akamkuta ameinama, rula ya shule mkononi, anapima kutoka kwenye sponji hadi kwenye trei.

"Inchi mbili, madam," Mastura alisema. "Na raundi ya kwanza nayo ilikuwa inchi mbili. Sasa betri ikichoka, inachokaje sawasawa mara mbili?"

Odeta aliinama pembeni yake. "Mlikuwa mnafanyia wapi mazoezi?"

"Darasani, sakafuni. Si tulijiunga mwezi wa saba, meza zikawa zimeisha? Ukatuambia tufuate kitabu. Tukachora kwa chaki, tukapanga matofali kuzunguka. Kila asubuhi kabla ya kuhesabu namba tunapima upya, maana wanaofagia wanafuta."

"Na asubuhi hii hamkujaribu hapa?"

"Dakika zetu tano ziliishia kwenye waya. Ulichomoka njiani."

Odeta aliitazama meza. Mbao za ukingo, za unene wa inchi moja, zilikuwa zimeizunguka plaiwudi kwa nje, zimepigwa misumari ubavuni, safi, kama kitanda.

Alikumbuka karakana ya Mkuyuni, kelele za randa, Fundi Luhaga akiwa na penseli sikioni. Fundi huyo alikuwa ametengeneza vitanda miaka thelathini na hajawahi kutengeneza meza ya roboti. Aliuliza swali moja tu. "Hizi mbao za ukingo, dada, zikae juu ya plaiwudi, au ziizunguke kwa nje?" Kitabu cha kanuni kilikuwa kwenye mkoba. Kukitoa na kupekua mbele ya mafundi wanne waliokuwa wakimwangalia kulimtia aibu, yeye binti aliyetumwa kazi asiyoijua. Akajibu haraka, "Kwa nje." Meza zilipokuja alizipima mwenyewe kwa ndani, zikawa futi nane kwa nne kamili, akaweka alama ya vema na kuzigawa kwa shule sita, ambazo leo zilikuwa zimekuja nazo.

Sasa alikwenda stoo, akafunga mlango, akafungua kitabu. Ukurasa wa kumi na moja. Futi nane kwa nne, *kipimo cha nje, ukingo ukiwa juu ya meza*. Ndani ilipaswa ipungue inchi moja kila upande.

Alikaa juu ya boksi la chaki. Kupitia dirishani ziwa lilikuwa linang'aa nyuma ya mawe, na mitumbwi michache ilikuwa imeelekea Igombe. Hakuna aliyejua. Shule sita zilikuwa zimejifunza kwenye meza mbovu na zilikuwa zinashindana kwenye meza mbovu, zinafurahi. Raundi moja imebaki, dakika arobaini hivi, halafu picha, halafu chakula. Watoto wa Buhongwa wangerudi nyumbani wakiamini ni betri. Alijaribu kulifikiria hilo, basi lao likipanda barabara ya Shinyanga, Mastura dirishani na rula yake. Akasimama.

Aliwaita walimu wote saba maabara. Walikuja wakiwa na chupa za maji mikononi, wanataniana.

"Shikamoo, mwalimu," alimwambia Machibya, ambaye alikuwa wa mwisho kuingia na mkubwa kuliko wote.

"Marahaba. Haya, madam, unataka kutuambia zawadi zimechelewa?"

"Hapana." Alishika ukingo wa sinki. "Meza si sahihi. Zote. Zimezidi inchi mbili kwa ndani."

Kila mtu akaongea kwa wakati mmoja. Kitabu kilipita mkono kwa mkono. Mtu mmoja alitoka, akarudi na futi ya kukunja, akatikisa kichwa.

"Si ndiyo yale," alisema Machibya. "Nilisema tangu mwanzo, kazi ya sayansi unampaje fundi wa vitanda? Amekuharibia, binti. Pole. Utamdai, atarekebisha kwa ajili ya mwakani. Twende tukamalize raundi ya tatu."

Alikuwa amemfungulia mlango wa kukwepa lawama, tena kwa upole. Odeta aliona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi kupita.

"Fundi aliniuliza," alisema. "Aliniuliza juu au nje. Mimi ndiye niliyejibu bila kuangalia."

Shamsa aliinua macho kutoka kwenye kitabu.

"Sawa," Machibya alisema, polepole kidogo. "Umekosea. Nani hajawahi kukosea? Lakini timu zote zimecheza meza moja. Haki ni hiyohiyo."

"Buhongwa walifanya nilichowaambia, mwalimu. Niliwaambia wafuate kitabu. Hapa ndani, waliofuata kitabu ni wao peke yao, na wao ndio wana sifuri mbili."

"Wangejiandikisha mapema wangepewa meza."

"Wangepewa meza mbovu," alisema Shamsa.

Mwalimu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

"Na Dodoma?" Odeta aliendelea, kwa kuwa alijua akinyamaza hataweza kuanza tena. "Dodoma meza zitakuwa za kitabu. Sangara itagonga ukuta."

"Dodoma niachie mimi! Nishinde kwanza, nitarekebisha nikiwa na wiki tatu. Unajua wale watoto wamekaa shuleni Jumamosi ngapi? Unataka niwaambie nini? Kwamba pointi zenu zimefutwa kwa sababu madam aliona aibu kufungua kitabu?"

"Ndiyo," alisema Odeta. "Waambie hivyohivyo."

Alifungua daftari la ratiba. Kanuni ziliruhusu msimamizi wa msimu kufuta raundi. Alikuwa amekinakili kifungu hicho kwa mkono mwezi wa Mei na hakuwahi kudhani kwamba msimamizi aliyetajwa pale alikuwa mtu mwenye mikono kama yake.

"Nafuta raundi mbili za kwanza. Tutarekebisha meza mbili zinazotumika ukumbini sasa hivi. Timu zote zitapata saa nzima ya kubadili programu na kujaribu. Halafu raundi moja, ya mwisho."

"Andika," Machibya alisema. "Andika hilo, na jina lako chini yake."

"Nimeshaandika."

Machibya alitoka bila kufunga mlango.

Fundi Luhaga alipigiwa simu, akafika baada ya nusu saa kwa bodaboda, mbao zikiwa zimechomoza pande zote mbili hivi kwamba getini walilazimika kuingia kinyumenyume. Alikuwa amevaa koti la kazi lenye vumbi na kofia ya sufu licha ya jua. Odeta alimweleza wakiwa bado wanashusha.

"Si nilikuuliza, dada?"

"Uliniuliza, fundi."

"Mimi nikajua unajua."

"Nilitaka ujue hivyo."

Luhaga alimtazama kidogo, kisha akaiweka mbao ya kwanza begani. "Mimi mwenyewe mteja akiniuliza bei ya mbao za mkongo huwa najibu tu," alisema. "Halafu usiku sipati usingizi. Shika huko."

Walipanga mbao za inchi moja ndani ya kuta zote, wakazibana kwa jiriwa. Ukumbi ulikuwa umeshapata habari. Odeta alipanda jukwaani akasema maneno matatu ya kwanza na kipaza sauti kikakataa, basi akakiweka chini akayasema yote upya kwa sauti yake, kwamba kosa ni lake, si la fundi, si la timu yoyote, na kwamba anaomba radhi. Kutoka nyuma mvulana mmoja alipiga mluzi wa kuzomea. Wengine wakamnyamazisha. Hakuna aliyepiga makofi, naye akashukuru kwa hilo.

Saa ile moja ilipita kwa fujo. Watoto walilala kifudifudi kando ya meza, wakahesabu mizunguko ya magurudumu kwa sauti, wakagombania zamu. Sangara iligonga ukuta mara nne. Mara ya tano mkono wake ulipinda. Mastura na wenzake hawakubadili hata herufi moja. Walikaa kwenye benchi wakitingisha miguu, kana kwamba wamekaa nje ya chumba cha mtihani, na Shamsa aliwagawia karanga mojamoja ili ziwatoshe mpaka zamu yao.

Roboti yao ilipoachiwa, ilivuka meza kwa mwendo uleule wa taratibu. Ilifika. Ilisimama. Mkono ukainuka. Sponji tano zikaingia kwenye trei. Ya sita iligonga ukingo, ikarudi mezani, na Mastura akapiga kelele kana kwamba zimeingia mia.

Shule ya Mkuyuni ilipata sita. Buhongwa tano. Sangara, kwa mkono wake uliopinda, ilifikisha nne.

Wakati wa kupiga picha Odeta alitafuta jezi za bluu za shule ya Machibya na hakuziona. Viti vyao vilikuwa vitupu. Alijua barua ingefika ofisini Jumatatu, na kwamba ingeandikwa vizuri, kwa sababu Machibya aliandika vizuri. Mastura alimvuta mkono aingie kwenye picha. Akasimama pembeni kabisa, akatabasamu anavyoweza. Kisha akachukua vikombe vichafu vya uji akatoka navyo kwa mlango wa nyuma.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, meza moja ilikuwa imepinduliwa miguu juu. Luhaga alikuwa anang'oa misumari ya ukingo. Wasichana wawili wenye jezi za bluu walikuwa wamekalia ubao uliokwisha kung'olewa ili usichezecheze, na Mwalimu Machibya, shati limetolewa kwenye suruali, alikuwa akiukata kwa msumeno, ulimi ukiwa umejitokeza pembeni mwa mdomo. Vumbi la mbao lilikuwa linapeperushwa na upepo wa ziwa hadi kwenye viatu vyake.

Odeta aliweka vikombe chini.

"Mwalimu..."

"Usinishukuru. Bado nimekasirika." Aliendelea kukata. "Walilia, hasa huyu mdogo. Nikawaambia ulivyosema niwaambie. Unajua wakaniuliza nini? Meza yetu tunarudi nayo hivihivi?" Kipande cha mbao kilianguka. Alikiokota, akakitazama unene wake, akamrushia. "Zipo sita. Fundi anasema kwa mikono yake peke yake ni mpaka kesho kutwa. Mwakani sitaki kusikia habari za ukingo."

"Hutazisikia."

"Basi kalia upande ule, ubao unaruka."

Odeta alikalia. Mastura na wenzake walitokea mlangoni, wakasimama kidogo wakiziangalia jezi za bluu, kisha wakaenda kuleta meza ya pili. Hakuna aliyewatuma. Getini, basi la shule ya Machibya lilikuwa linanguruma. Dereva alipiga honi, akangoja, akapiga tena. Machibya hakugeuka. Honi ya tatu ilikuwa ndefu, ya mtu aliyechoka na mwenye njaa. Halafu injini ikazimika. Mlango ukafunguka, dereva akashuka, akaja uwanjani akikunja mikono ya shati lake, akasimama mbele yao, akauliza ashike wapi.