Kucha za Mshiriki wa Saba

Mpango wenyewe ulielezwa kwenye karatasi moja yenye nembo ya chuo: miaka mitano badala ya sita, shahada ya kwanza na ya uzamili katika taaluma za dini, zote mbili zikitolewa siku moja. Masomo ya mwaka wa nne yalihesabiwa mara mbili, huku na huku. Ndiyo maana mjomba mtu, fundi wa kuchomelea mageti, alipoisoma karatasi hiyo alimpachika mpwa wake, binti wa dada yake, jina la Mbili kwa Moja, kama sabuni ya ofa, na jina likamganda.

"Na ukifeli huo mwaka wa mwisho?" mjomba aliuliza.

"Zinakwenda zote, Mjomba. Zimeungwa."

"Basi wewe ukianguka, unaanguka ghorofa mbili." Akacheka mpaka akakohoa. "Mimi nikiunga kitu namna hiyo, mteja ananirudishia geti."

Kati ya watu wote waliowahi kuupitia mpango ule, maprofesa na mihuri yao wakiwemo, fundi mageti ndiye aliyekuwa ameuelewa vizuri zaidi.

Mbili kwa Moja alilelewa na bibi yake mzaa mama, kwa sababu mama mwenyewe alifariki yeye akiwa na miaka sita. Bibi alikuwa na cheo kisicho na mshahara wala kofia. Katika jumuiya yao ya ibada, mtu akikaribia kukata roho, aliitwa yeye. Alikaa kitandani, akashika mkono, akasema maneno ya mwisho, kisha akafumba macho ya marehemu. Kwa miaka thelathini alikuwa amesindikiza watu wengi kuliko kituo cha mabasi, na hakuna hata abiria mmoja aliyerudi kulalamika.

Tasnifu ya Mbili kwa Moja ilihusu watu wa aina hiyo: wanaokaa na wanaokufa, na jinsi wanavyoielewa kazi yao. Aliwahoji sita kwanza. Wote sita walijibu kama waliokariri kitabu kimoja, na kwa kweli walikuwa wamekariri kitabu kimoja. Akabaki na kurasa nyingi na usingizi mzito. Ndipo akamgeukia bibi yake, aliyekuwa akipiga pasi.

"Bibi, ukisema yale maneno, unamwona nani anayeyasikia?"

Bibi alipitisha pasi kwenye ukosi wa shati la mjomba, akaenda nayo mbele, akarudi.

"Siku hizi? Simwoni mtu."

"Tangu lini?"

"Tangu mama yako. Nilisema maneno yote, mwanangu, mpaka yale ya akiba. Nikasubiri. Nikasikia friji la jirani likinguruma, basi."

Mjukuu alinyoosha mkono aizime simu iliyokuwa ikirekodi. Bibi akamkatalia kwa kichwa.

"Sasa kwa nini bado unaenda wakikuita?"

"Kwa sababu wanaogopa. Mtu anayekufa hataki hoja, anataka mkono. Mkono ninao." Akaligeuza shati. "Andika hivyo hivyo. Jina lifiche, lakini andika. Nimechoka kukaa na neno hili peke yangu."

Hivyo Bibi akawa Mshiriki wa Saba, sura ya nne.

Msimamizi wa tasnifu, mwanazuoni mpole mwenye suruali iliyompwaya, aliisoma sura hiyo akiwa amesimama, jambo ambalo halikuwahi kuonekana pale idarani. "Hii sasa ndiyo kazi," alisema. Halafu akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: *Maelezo zaidi. Nataka nimwone.*

Mbili kwa Moja akamwonyesha. Alikuwa mwangalifu kweli. Alibadilisha umri wa Bibi, akamhamisha mtaa, akampunguzia watoto, akamwoza kwa fundi cherehani ambaye hakuwahi kuzaliwa. Kisha, ili msimamizi apate kumwona, akaandika jinsi Mshiriki wa Saba anavyoanza kazi yake: humsafisha kucha anayekufa, kidole kimoja kimoja, kwa njiti ya kiberiti, kwa kuwa hapendi mtu aondoke na uchafu. Alimfunika bibi yake gubigubi toka utosini hadi miguuni, akasahau mikono nje.

Idara ilikuwa na sheria moja iliyojivunia sana. Kabla ya mtahiniwa kuitetea tasnifu yake, nakala ilirudishwa kwa jamii iliyotafitiwa ili isome na kuthibitisha kwamba haikusingiziwa. Ilikuwa sheria nzuri ajabu, iliyotungwa na watu wasio na bibi zao ndani ya utafiti.

Nakala ilipokewa na katibu wa jumuiya, mfamasia, mtu anayesoma hata maandishi madogo kwenye boksi la dawa. Alisoma bila wasiwasi hadi ukurasa wa themanini na nne. Hapo akakutana na kucha za mama yake.

Alifika kwa Bibi Jumamosi mchana na koti lake jeupe la kazini. Hakukaa. Bibi alikuwa ameinua miguu kwenye kigoda. Ilikuwa imevimba tena, na daktari wa moyo alikuwa amemwambia mjomba, sio Bibi, kwamba ajiandae.

"Mama yangu alisafishwa kucha kwa njiti ya kiberiti," katibu alisema. "Nilisimama mlangoni, nikaona. Akauliza kama huko aendako kuna anayemsubiri. Ukamwambia ndiyo." Akaiweka tasnifu mezani. "Mama, maneno ya humu ni yako?"

"Umesoma vizuri. Macho yako bado mazima."

"Yakanushe basi. Neno moja tu, na mimi nitakwenda zangu."

"Mama yako alikufa ametulia, hakutulia?"

"Sijauliza hilo."

"Mimi ndilo ninaloweza kujibu."

Katibu aligeuka, akamtazama Mbili kwa Moja. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtisha msichana. Mtu mbaya angepiga kelele, mjomba akamtoa nje, mambo yakaisha.

Baraza la wazee lilikaa, likaamua kwa huzuni na kwa maandishi. Asiyeamini hawezi kuwa mwanajumuiya. Jina la Bibi lingefutwa kwenye daftari, na pamoja nalo nafasi yake katika uwanja wa maziko, ile ya pembeni ya binti yake, iliyowekwa alama ya mawe manne tangu siku ya mazishi yale. Kulikuwa na njia moja tu ya kuliepuka hilo, kwa kuwa Bibi mwenyewe alikataa kukanusha: mwandishi afike mbele ya baraza, akiri kwamba maneno aliyatunga, na ungamo lake lipelekwe chuoni. Walimpa wiki moja. Kabla ya kuitetea tasnifu zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Mbili kwa Moja alikimbilia kwa msimamizi wake.

"Nikiitoa sura ya nne?"

"Mtahini wa nje keshaisoma. Ameisifia hiyo tu."

"Nikisema niliitunga?"

Msimamizi aliinuka, akafunga mlango. "Usilitamke humu. Huko ni kughushi. Uzamili utafutwa, na kwa kuwa mwaka wa nne ndio ule ule, ya kwanza nayo itafutwa. Miaka mitano, binti. Utatoka hapa na cheti cha sekondari." Akakaa. "Rekodi unayo?"

"Ninayo."

"Basi una kila kitu."

Alikuwa na kila kitu isipokuwa mahali pa kumzika bibi yake.

Jioni hiyo mjomba alimkuta kibarazani, akaketi karibu naye bila kuvua glovu za kazi. Kwa mara ya kwanza hakumwita jina la utani.

"Mpwa wangu, sikuamrishi. Lakini miguu umeiona. Shahada watu wanatafuta hata wakiwa na mvi. Ile nafasi ya pembeni ya mama yako iko moja."

"Bibi mwenyewe hataki nikanushe."

"Bibi hatakuwepo siku ya kuchimba. Nitakuwepo mimi."

Siku ya baraza Mbili kwa Moja alivaa sketi ndefu na viatu vya kuazima. Kabla ya kuingia alisimama karibu na bomba la uani, akaifuta ile rekodi kwenye simu, na simu, kwa adabu zake zote, ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo.

Ndani walikuwamo wazee watatu na katibu.

"Sura ya nne niliitunga," alisema. "Bibi yangu hakusema hayo."

"Hakusema hata moja?" aliuliza mwenyekiti.

"Hata moja."

"Na ilikuwaje ukamtungia bibi yako maneno kama yale?"

"Nilitaka alama nzuri."

Walimwamini papo hapo. Ndicho kitu kilichomchoma kuliko vyote. Alikuwa amejiandaa kubanwa kwa maswali, hata machozi alikuwa ameyatenga, na hayakuhitajika. Msichana wa chuo anayemuuza bibi yake kwa ajili ya alama lilikuwa jambo wanalolijua. Walipumua kama watu walioambiwa uvimbe sio saratani. Katibu peke yake ndiye aliyemfuata hadi mlangoni.

"Kwa hiyo alimaanisha," alisema kwa sauti ya chini. "Alipomjibu mama."

"Alimaanisha."

Mfamasia akajifuta macho kwa mkono wa koti, akamshukuru.

Barua mbili zilifika ndani ya siku tisa. Ya chuo ilikuwa fupi na ilifuta shahada zote mbili katika sentensi moja, maana mpango ulikuwa wa kuokoa muda. Ya jumuiya ilikuwa na muhuri, na ilithibitisha kwamba Bibi ni mwanajumuiya mwaminifu, asiye na doa katika imani. Bibi aliisoma hiyo ya pili mara mbili, akiisogeza mbali na macho.

"Umewaambia uliyatunga."

"Ndiyo, Bibi."

"Na ile sauti yangu?"

"Niliifuta."

Bibi aliikunja barua kwa nne.

"Nilisema kweli siku moja tu katika uzee wangu wote," alisema. "Nikakupa wewe uitunze."

"Bibi, walitaka kukunyima nafasi yako. Ungezikwa peke yako huko."

"Najua nafasi iko wapi. Mawe yale niliyapanga mimi." Siku mbili nyumba nzima ilizungumza na mjomba tu.

Siku ya tatu asubuhi mwanamke wa mtaa wa pili alibisha hodi. Shemeji yake alikuwa anazidiwa, anamtaka Bibi, na watoto hawajui waanzie wapi. Bibi akavaa, akaingiza miguu kwa shida kwenye viatu alivyovikata pembeni ili vimtoshe. Mbili kwa Moja akachukua mkoba wake.

"Nikusindikize, Bibi?"

"Baki. Huko wanataka mwenye imani, na humu ndani aliyethibitishwa kwa barua ni mimi peke yangu."

Akashuka ngazi polepole, akiegemea ukuta, na mwanamke aliyekuja kumwita akamsihi wafanye haraka.