Simu Iliyomnyamazia Bibi Chausiku

Yasmin alipanda mlima hadi kijijini Kinole asubuhi akiwa amejaa majivuno, na majivuno ya fundi wa kompyuta hayana dawa. Apu aliyoitengeneza chumbani kwake mjini, Kilakala, ilikuwa inang'aa. Tena aliiandika mara moja tu, kwa zana inayokubali simu za aina zote, ikafunguka kwenye simu za Kichina za wakulima na kwenye simu ya bei mbaya ya bosi wake, Evance. Wenzake wanaoandika upya kwa kila aina ya simu aliwaonea huruma.

Apu ilikuwa ya kikundi cha wakulima wa iliki na karafuu. Tangu ushirika ufe na wanunuzi binafsi waruhusiwe kupanda mlima, kila mtu alikuwa akiuza kivyake na kupunjwa kivyake. Sasa mazao yangewekwa kwenye orodha moja, mwenyekiti aithibitishe kwa simu, wanunuzi waione wakiwa mjini.

Mwenyekiti alikuwa Bibi Chausiku, mama mzaa mama wa Yasmin, kipofu tangu surua ya utotoni. Shule hakukanyaga. Lakini iliki ikimpita puani atakwambia imechumwa lini, na nani kaichuma kabla ya wakati wake. Simu alikuwa nayo. Safari iliyopita Yasmin alikuwa amemwashia ile sauti inayosoma kila kinachoguswa na kidole, na kwa siku tatu nyumba nzima haikupumua: "Betri, asilimia arobaini."

"Shikamoo bibi. Nimekuletea kazi yangu."

"Marahaba mjukuu wangu. Lete tuisikie."

Kidole kikapita juu ya kioo. Kimya. Kikarudi polepole. Kimya.

"Mbona humu hamna kitu?"

Aibu ilimpanda Yasmin hadi masikioni. Vitufe vilikuwemo, vya kijani, vizuri kabisa. Ila zana yake ilivichora tu kama picha, na ile sauti haisomi picha; inasoma vitufe vya simu yenyewe. Alijaribu kuvipachika maelezo palepale. Simu ikasoma kimoja, ikaruka vitatu.

Abdulswamad, katibu wa kikundi, alikuwa amesimama mlangoni. Si mtu mbaya, ana haraka tu.

"Jumamosi ijayo tunaanza," alisema. "Mwenyekiti asiyeweza kuthibitisha orodha, bibi, utatusamehe. Itabidi tuchague mwingine."

 Bibi Chausiku aliifuta simu kwa upindo wa khanga, akampa Yasmin. Yasmin alitamani amgombeze, lakini bibi hakumgombeza.

Akiwa njiani kushuka alimpigia Evance.

"Naianza upya, kaka. Kwa zana za simu za wakulima peke yake."

"Na simu yangu?"

"Yako itasubiri. Wanakikundi thelathini na mmoja, hakuna hata mmoja mwenye simu kama yako."

"Uliambiwa zote, Yasmin."

"Mshika mawili moja humponyoka, kaka. Lililoniponyoka ni bibi yangu."

Siku sita hakuona jua vizuri. Vitufe vipya vilikuwa vya kijivu, vilevile simu ilivyozaliwa navyo, na mtu wa mjini angevicheka.

Jumamosi wanakikundi walikaa kwenye mikeka uani kwa bibi. Abdulswamad akasimama na daftari lake, akakohoa, tayari kusoma majina kama alivyosoma miaka kumi na mmoja. Bibi Chausiku akainua kiganja.

"Keti, mwanangu. Leo nasoma mwenyewe."

Akaiingiza simu chini ya khanga, maana mwanga wa kioo ungemsaidia nini? Kutoka humo ikatoka sauti: "Orodha ya mazao. Agnes, iliki, debe moja. Yustina, karafuu, madebe mawili." Kila aliyetajwa aliitika kwa sauti ya chini, kama yuko msikitini. Yasmin alikuwa ameisikia sauti hiyo mara elfu akiijaribu, na bado vinyweleo vilimsimama. Bibi wa miaka sabini na minne, asiyejua hata alifu, alikuwa anasoma. Machozi yalimtoka na hakujali nani anamwona.

"Chausiku Yunusi, mwenyekiti," ilisema simu.

Kidole kikasita. Kikarudi nyuma.

"Chausiku Yunusi, mwenyekiti."

Kikarudi tena. Hakuna aliyemharakisha. Abdulswamad akalifunga daftari lake, akaliweka chini ya mkeka.