Anayemenya Karanga Nyuma ya Ukuta

Kila binti yangu Levina alipofungua kitabu, kichwa chake kililala upande, kama kuku aliyesikia kitu juu ya paa.

"Unasikiliza nini?" nilimuuliza.

"Kuna mtu anamenya karanga, Baba. Nyuma ya ukuta."

Nikatoka kutazama. Nyuma ya chumba alichopanga pale Ipuli hakuna nyumba. Kuna kipande tu cha njia ya zamani, ile waliyopita wapagazi na pembe za ndovu mabegani. Siku hizi wanapita mbuzi. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa hata na ganda.

Nilikuwa nimekuja mjini kutoka upande wa Ipole, mizinga yangu ya nyuki nimeiacha porini, kufuatilia kifo cha mke wangu. Paskazia alijifungua mtoto aliyekwisha kufa, kisha yeye mwenyewe akavuja damu mpaka akaisha, katika kituo ambacho sitakitaja, wenyewe wanajijua. Gari la wagonjwa lilikuwepo. Dereva alikuwepo. Mafuta yalikuwa yamekwenda harusini na mkubwa mmoja. Mimi shule niliiacha njiani, lakini jambo hilo halihitaji kusomewa. Kila asubuhi nilikwenda kukaa kwenye benchi la ofisi yao, na kila mchana nilirudi na neno moja: kesho.

Maneno mengine yote nilimletea Levina.

Anasomea utabibu. Mtihani mmoja ulimwangusha, wa mambo ya uzazi, na sasa alikuwa anajiandaa kuurudia. Akianguka tena chuo kinamfukuza. Wenyewe wanaita kudisko. Sura iliyomshinda ilihusu mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Alifika katikati ya ukurasa, akarudi juu. Akafika, akarudi. Nami nimeketi kitandani, nasimulia.

Mwanne, mwenzake wa chumba, aliingia na ndoo ya maji kichwani.

"Shikamoo, mzee. Leo wamekuahidi kesho au keshokutwa?"

"Marahaba. Kesho."

"Basi umepanda cheo! Ila, mzee wangu, huyu akidisko utafaidi. Atakuwa nyumbani kutwa nzima anakusikiliza."

Levina alicheka puani. Mimi sikucheka. Mwanne alipokwenda kufua, nikamwambia mwanangu lile nililokuwa nimelikusudia.

"Sauti hiyo ndiyo inayokuvuruga. Nitamwita padri akiombee chumba."

"Usimwite, Baba."

"Kwa nini?"

"Ndiyo ninayosomea."

Hapo nikaiona nyumba yetu, Levina na daftari mapajani, mama yake kizingitini na ungo wa karanga za mbegu. Paskazia hakujua herufi hata moja. Alichojua ni kwamba mtoto akisoma haachwi peke yake.

"Mama alikuwa anamenya tu," Levina alisema. "Haulizi. Hasemi."

"Sasa kama unamsikia, kinachokushinda ni nini?"

Alifunga kitabu polepole, kidole kikabaki ndani.

"Ukianza kusema wewe, anaacha."

Majibu nilikuwa nayo, tena ya moto. Nikayabeba mpaka nje, nikashika barabara ya ofisini, kisha miguu ikakata kona yenyewe kuelekea sokoni. Nilirudi na karanga za maganda. Nikaazima ungo kwa mwenye nyumba, nikaketi kizingitini.

Ganda la kwanza lilipasuka kwa kelele, punje ikarukia chini ya meza.

"Polepole, Baba," alisema bila kugeuka. "Hizo ni za mbegu."

Kweli. Marehemu hakutumia meno hata siku moja. Alilibonyeza ganda kwenye ncha, likafunguka kama jicho la mtu anayeamka. Punje iliyovunjika ikaenda kwenye mboga, nzima ikangoja mvua. Vidole vyangu vimezoea mizinga na tumbaku, vilichelewa kuelewa. Na kinywa kilikuwa kimejaa. Yule mkubwa. Yale mafuta. Benchi lile lililolainishwa na makalio ya wafiwa. Nikameza. Sikusamehe, wala sitasamehe. Nilimeza tu, na kila nilipomeza, nilimenya nyingine.

Kidole cha Levina kilikuwa kinashuka kwenye ukurasa. Kikafika katikati. Kikatulia pale, muda mrefu, nami namenya karanga baada ya karanga. Kisha kikaendelea kushuka.

Karanga zikaisha. Nikakung'uta maganda magotini, nikaiweka mikono mapajani, nikatulia.

Kumenya hakukukoma.

Kulikuwa nyuma ya ukuta, taratibu, ganda moja baada ya jingine, kwa mkono nisioweza kuusahau. Jina lake likapanda mpaka kwenye ulimi. Levina hakuinua kichwa. Akafunua ukurasa.

Nikaziba mdomo kwa kiganja, nisije nikamkatiza.